Kisu cha Kwanza cha Kijana Wako

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inapofika, wazazi wengi katika skimu zetu huwaza zawadi ya kumpa kijana. Mmoja amefanya vizuri shuleni, mwingine ametoka jandoni, na mwingine ametimiza miaka 14 na kimo chake kimempita mama yake. Wengi huchagua kisu au panga, na wazo hilo ni jema. Mpango wa Eka Milioni ulipoanza mwaka 1962 na mashamba makubwa ya walowezi yakagawanywa, familia nyingi zilianza maisha mapya kwa panga na jembe. Kumpa kijana chombo cha namna hiyo ni kumwambia kwamba sasa anahesabiwa miongoni mwa watu wa kazi.

Lakini zawadi hii haifanani na shati. Shati baya huchakaa likasahauliwa, bali kisu kibaya huacha kovu. Hata kisu kizuri huacha kovu kikiwa mkononi mwa asiyefundishwa. Kwa hiyo haifai kukinunua kwa haraka siku ya soko kwa sababu tu kinang'aa.

FIKIRI KAZI KWANZA

Jiulize: kijana huyu hufanya kazi gani hapa nyumbani, na ni kazi gani anayoipenda? Jibu ndilo litakalokuchagulia chombo.

Kama kazi yake ni kukata nepia ya ng'ombe wa maziwa, mpe mundu mzuri au panga jepesi. Panga la mtu mzima, lenye ubapa wa inchi 18 au zaidi, ni zito kwa mkono wa mtoto wa miaka 13. Mkono ukichoka, panga huenda pasipotakiwa, na mara nyingi goti au mguu ndio unaolipokea. Tafuta lenye ubapa wa inchi 14 hadi 16, yaani sentimita 35 hadi 40.

Kama kazi zake ni ndogo ndogo, kama kukata kamba ya mkonge, kufungua magunia au kuchonga vijiti vya kusimamishia nyanya, kisu chenye ubapa wa inchi 4 chatosha. Kirefu kuliko hicho hakimwongezei nguvu, chamwongezea majivuno.

Kama kijana anapenda miche, mtafutie kisu chembamba cha kubebeshea. Kwa kisu hicho anaweza kujifunza kubebesha miparachichi na miembe, na miche akaiuza kwa majirani. Hii ni zawadi iletayo mapato.

Sime yenye makali pande mbili tuwaachie wenye mila yake. Katika kazi za shamba mara nyingi kidole husukuma mgongo wa kisu, na sime haina mgongo wa kusukumwa.

Maneno haya yote yamhusu binti pia. Katika maboma mengi yeye ndiye akataye nepia na majani ya ndama, tena kwa panga kuukuu ambalo kila mtu amelikataa.

KAGUA KABLA YA KULIPA

Nenda dukani pamoja na kijana mwenyewe, maana mkono wake ndio utakaopima. Akishika mpini, vidole vyote vinne vikae vizuri na nafasi kidogo ibaki. Mpini mwembamba mno huzunguka mkononi, na mpini laini wenye kung'aa huteleza ukishikwa na jasho. Kwenye kisu, pawe na kizuizi kati ya mpini na makali, ili vidole visiteleze mbele.

Tazama ulimi wa chuma ulioingia ndani ya mpini. Ulio bora huonekana umepita mpini wote hadi mwisho, tena umefungwa kwa ribiti mbili au tatu. Ulimi mfupi uliogandishwa kwa gundi huchomoka siku moja kazini.

Visu vya kukunja huwavutia sana vijana kwa kuwa huingia mfukoni. Ukikinunua, hakikisha kina kifungio kinachouzuia ubapa usijifunge juu ya vidole. Kisipokuwa nacho, chagua kisichokunjwa, chenye ala yake.

Tena kuna habari ya chuma. Chuma kisichoshika kutu hakihitaji matunzo mengi, lakini huchukua muda kukinoa. Feleji ya kawaida hushika kutu upesi ikiachwa na maji, ila hunoleka kwa urahisi. Kwa kijana anayejifunza kunoa, feleji ya kawaida yafaa sana, nayo itamfundisha kufuta kisu chake kila jioni.

Fundi wa jua kali aweza kukufulia panga zuri kutoka springi ya gari kuukuu. Lipime kwa tupa kwenye makali. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na makali yatamegeka. Ikichimba kwa wepesi, chuma ni laini mno na makali hayatadumu. Tupa ing'ate kidogo kidogo, basi hilo ni panga la kununua.

Usiondoke bila tupa au jiwe la kunolea. Kinolewacho hupata. Kisu butu ndicho hatari zaidi, kwa kuwa hutaka nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo iletayo kuteleza.

MFUNDISHE KABLA HUJAMKABIDHI

Wazee walisema, mtoto akililia wembe mpe. Hiyo ni methali ya mtoto mkaidi, wala haifai kuwa kanuni ya kutoa zawadi. Keti na kijana siku mbili tatu, umwonyeshe kwa mkono wako mambo haya:

1. Kukata kuelekea mbali na mwili, na kuweka mkono mwingine nyuma ya makali.

2. Kutazama nyuma na pembeni kabla ya kuinua panga. Watoto wadogo hupenda kumfuata mkubwa wao.

3. Kumpa mwenzake kisu kwa kutanguliza mpini, na kutojaribu kukidaka kikianguka.

4. Kukirudisha katika ala kazi ikikoma, na kukitundika mahali ambapo wadogo hawafiki.

5. Kukiacha nyumbani anapokwenda shuleni, sokoni au mkutanoni. Kisu cha kazi kikibebwa kusikokuwa na kazi, watu hukiona kuwa silaha.

6. Kukisafisha kati ya mmea na mmea palipo na ugonjwa. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria husafirishwa na panga kutoka shina hadi shina. Pitisha ubapa katika moto, au utie katika maji yaliyochanganywa na jiki, kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Ajapojikata, usimtie majivu, udongo wala samadi. Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono, na damu ikikoma osha kwa maji safi na sabuni. Jeraha likiwa la kina, au damu isipokoma, mpeleke kituo cha afya bila kukawia. Uliza pia kama sindano zake za kukinga pepopunda zimetimia. Watu wengi hulaumu kutu, lakini vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na hata kisu king'aacho kinaweza kuvipeleka ndani ya nyama.

IKISHATOLEWA NI YAKE

Twajua habari ya ndama anayeitwa wa mtoto, kisha akikua akauzwa na baba. Usifanye hivyo kwa kisu. Ukikihitaji, kiombe, ukirudishe kikiwa safi. Usikifanye pia kuwa sababu ya kumwongezea kazi hata akakosa muda wa masomo. Kijana aliyepewa panga Jumamosi, kisha Jumatatu akazuiwa kwenda shule ili afyeke, atalichukia panga, na huenda akalichukia na shamba lenyewe.

Mwachie achonge alama yake kwenye mpini. Mpe kona ndogo ya ua aitunze mwenyewe, na baada ya miezi mitatu mwambie akuonyeshe kisu. Ukikuta makali yapo, kutu haipo na mpini umekazwa, utajua kwamba kijana huyo aweza kukabidhiwa kitu kikubwa zaidi, labda mbuzi, labda robo eka.