Mtoto Akikwama kwenye Hesabu, Pesa Iende Wapi?

Shule zinafunguliwa wiki ijayo, mkobani mna pesa kidogo, na mwalimu amerudia kwamba mtoto hajitumi katika hesabu. Kabla hujalipia tuisheni, mtazame. Akiona vifuniko vitatu mezani, lazima ahesabu kimoja kimoja? Jana alijua saba na tano ni kumi na mbili, leo anaanza upya kwa vidole? Huenda ni diskalkulia. Si uvivu wala ujinga. Ubongo unapata shida kushika maana ya idadi, na mtoto huyohuyo aweza kuwa hodari wa kusoma.

Tuisheni ya kikundi hula pesa. Tuseme ni shilingi 200 kwa saa, siku tatu kwa wiki: wiki 12 ni 7,200, bado fotokopi na nauli. Na mara nyingi huko anakaririshwa jedwali lilelile lililomshinda darasani. Lipa tu kama mwalimu atakaa naye peke yake na kurudi nyuma hadi pale alipokwama.

Programu za simu huitwa za bure, lakini bando unanunua, na nyingi hudai malipo ya kila mwezi siku za majaribio zikiisha. Zinazompimia mtoto muda humtia hofu; ziache.

Nunua trei ya mayai iliyotumika. Ina matundu 30, mistari sita ya matano. Ikate vipande vitatu, kila kimoja matundu kumi, kisha mpe vifuniko vya soda. Nane na tano? Ajaze manane, aone mawili yako wazi. Vifuniko viwili vinaziba pengo, vitatu vinavukia kipande cha pili. Kumi na tatu, ameiona kwa macho. Baadaye achore, tarakimu zije mwisho. Trei ikilowa inaharibika, utakata nyingine. Tepu ya fundi cherehani, yenye namba hadi 150, nayo hufaa kuhesabia na hudumu zaidi. Gharama iliyojificha hapa ni muda wako: dakika 15 kila siku, bila kufoka.

Pesa iliyobaki iwe nauli ya kwenda EARC, kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya watoto kielimu. Kenya inavyo tangu 1984. Kliniki ya kibinafsi ni ghali zaidi. Uliza kama ripoti inalipiwa kando. Ripoti ndiyo utakayoishika ukiomba mtoto aongezewe muda wa mtihani. Piga simu leo uulize siku ya kupimwa na ada, kabla hujafunga safari.