Wanapokwenda Kuchuma Matufaha na Watoto

Siku hizi kila ifikapo mwezi wa Septemba na Oktoba, simu za wazazi wengi wa parokia zetu hujaa picha za namna moja. Wajukuu walioko Marekani wamesimama katikati ya miti mifupi iliyojaa matunda mekundu, kila mmoja kashika mfuko wake. Baada ya Misa bibi huwaonyesha majirani, nao husifu jinsi watoto walivyonenepa. Tunafurahi pamoja naye. Lakini sisi wauguzi tumeona kwamba baada ya picha huja pia simu za maswali, na nyingi huja usiku wa manane, kwa kuwa kule bado ni jioni. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumzie safari hizi, ili nanyi mlio nyumbani mkiulizwa muwe na jibu, na mkialikwa kwenda kulea wajukuu mjue mnakwenda kwenye nini.

Kwanza tuelewane juu ya tunda lenyewe. Tunasema tufaha linaloitwa epo sokoni, lile linaloletwa katika makasha ya karatasi na kuuzwa mojamoja. Siyo matufaha ya Unguja, yenye nyama nyeupe laini na maji mengi. Hayo ni tunda jingine kabisa.

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kama Michigan, New York na Massachusetts, wakulima wengi huwafungulia watu mashamba wajichumie wenyewe. Mlangoni unanunua mfuko mtupu, mara nyingi wa kilo tano hivi, kisha unaelekezwa mistari ya miti iliyo tayari. Kazi hii huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha karibu na mwisho wa Oktoba. Vitabu vyetu huyaita majira hayo vuli, lakini msifikirie vuli yetu ya mvua. Ni wakati wa majani kugeuka manjano na mekundu na kupukutika, baridi kali ikiwa njiani. Asubuhi hali ya hewa yaweza kuwa nyuzi 5 na mchana ikafika 20. Basi mtoto avalishwe nguo mbili tatu moja juu ya nyingine, apunguziwe jua likipanda. Viatu viwe vya kufunika mguu, maana nyasi huwa na umande na ardhi ina mashimo yaliyofichwa na majani. Wazee wenzetu wenye magoti mabaya wachukue fimbo bila kuona haya.

Mmoja wetu aliliona jambo hili kwa macho, alipokwenda Michigan kumlea mpwa wake aliyejifungua. Mji wa Grand Rapids una familia nyingi za Wakongomani wanaosema Kiswahili, na kaskazini-magharibi yake kuna ukanda mzima wa mashamba ya matufaha. Jumapili ile Kiswahili kilisikika kati ya mistari ya miti kana kwamba ni Uvira. Akina mama walikuja na mablanketi, sufuria za wali na watoto wa nyumba tatu katika gari moja.

Miti mingi siku hizi ni mifupi kwa sababu imeunganishwa juu ya mashina ya aina fupi. Shina moja mashuhuri, liitwalo M9, lilitoka katika kituo cha utafiti cha East Malling kule Uingereza. Faida yake kwa wazazi ni kwamba mtoto wa miaka mitano huchuma akiwa amesimama chini. Pakiwa na miti mirefu na ngazi, ngazi ni ya mtu mzima. Tunda halivutwi. Shika kiganjani, liinue juu na kulizungusha kidogo, nalo likiwa tayari litaachia lenyewe pamoja na kikonyo chake. Ukivuta kwa nguvu unavunja kijiti chenye chipukizi la mwaka ujao. Anzeni na yale ya nje ya mti yanayopata jua, kwa kuwa hayo hutangulia kuiva.

Ya chini yabaki chini

Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize sana. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na paa wa porini huweza kuchukua matumboni mwao kijidudu cha aina ya E. coli kiitwacho O157, wao wenyewe wasiugue. Kinyesi chao kikifika chini ya miti, tunda lililoanguka hukipokea. Kwetu tumezoea kuokota embe, kulifuta kwa kanga na kula. Kule wazazi wengi hufanya vivyo hivyo, tena mashamba mengi yameweka zizi dogo la mbuzi na ndama ili watoto wawalishe. Mtoto hulambwa vidole na mbuzi, dakika ile ile anapewa tufaha. Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni mara mtoka zizini, kabla ya kugusa chakula chochote. Ile dawa ya kupaka mikononi ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini haitoi kinyesi kilichoganda kwenye kucha.

Jambo la pili ni juisi. Wamarekani hukamua matufaha na kupata juisi nzito ya rangi ya udongo waiitayo saida. Siyo pombe, watoto hunywa. Hatari ipo ikiwa haikupashwa moto kuua vijidudu. Mwaka 1991 huko Massachusetts watu 23 waliugua kwa kijidudu hicho baada ya kunywa saida mbichi. Mwaka 1996 juisi mbichi ya matufaha iliuguza watu zaidi ya 60 katika majimbo ya magharibi ya Marekani na huko Kanada, na mtoto mmoja mdogo akafa. Baada ya hapo, mwaka 1998, serikali iliagiza kwamba chupa ya juisi isiyotibiwa iwe na kibandiko cha onyo, na sheria kali zaidi kwa viwanda zikatolewa mwaka 2001. Lakini mkulima anayekamua na kuuza mwenyewe moja kwa moja kwa wateja wake bado huweza kuuza saida mbichi. Kwa hiyo someni kibandiko, au mwulizeni muuzaji kama imepashwa moto. Ikiwa bado, ichemsheni nyumbani hadi itokote kabla ya kumpa mtoto, mama mjamzito, mzee au mgonjwa. Ladha itabadilika kidogo, si neno.

Mwaka juzi tulipigiwa simu na mama kijana aliyekulia jirani na hospitali yetu. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa anaharisha tangu juzi yake, na asubuhi ile choo kilikuja na damu. Hakutuuliza ni ugonjwa gani. Alituuliza vipimo tu, kwa sababu dawa alikuwa nazo. Katika sanduku alilotoka nalo nyumbani alikuwa na antibayotiki ya kuhara damu na vidonge vya kufunga tumbo. Tulimwuliza mtoto alikula nini juma lile. Akataja shamba la matufaha, na kikombe cha saida.

Hatuwezi kumlaumu. Hapa kwetu mtoto akiharisha damu, mara nyingi ni kuhara damu kwa kijidudu cha Shigella, na antibayotiki sahihi ndiyo tiba. Sisi wenyewe tumewafundisha hivyo kwa miaka mingi. Lakini kwa kijidudu hiki kingine antibayotiki huweza kuongeza madhara, kwa kuwa sumu nyingi zaidi humwagika tumboni, na dawa ya kufunga tumbo huizuia sumu ndani badala ya kuiacha itoke. Dawa iliyo msaada wodini kwetu, kule ingeweza kumponza mtoto. Tulimwambia asimpe chochote ila maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa pakiti, na aende hospitali saa ile.

Alisita. Aliogopa bili, na katika hilo hayuko peke yake. Ni vizuri ndugu zetu wajue kwamba kule Marekani sheria ya mwaka 1986 huzitaka hospitali, karibu zote zenye idara ya dharura, zimpime na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kutanguliza habari ya fedha. Bili huja baadaye, nayo huweza kuzungumzwa. Yule mama alikwenda. Mtoto alilazwa siku nne, akawekewa dripu, damu yake ikapimwa kila siku kuangalia figo, akapona.

Kwa nini figo? Ugonjwa huu huanza siku tatu au nne baada ya kula au kunywa. Tumbo husokota sana, choo huwa maji kisha damu, na homa huwa kidogo au hakuna. Wengi hupona katika juma moja. Lakini baadhi ya wagonjwa, hasa watoto wa chini ya miaka mitano, sumu huingia katika damu, chembe nyekundu huvunjika na figo huziba. Nalo huwapata kwenye siku ya saba hivi, pale kuhara kunapoanza kupungua na mama anashukuru kwamba mtoto amepona. Basi siku hizo tazameni mkojo. Mtoto akikojoa kidogo kuliko kawaida, akipauka viganja na ndani ya kope, akilegea au akitoka alama za damu chini ya ngozi, arudishwe hospitali usiku huo huo.

Kipande kilichokwama

Siku ile ya Grand Rapids hatari haikutoka kwa kijidudu. Kijana wa miaka miwili, mtoto wa familia tuliyofuatana nayo, alikuwa amekaa ndani ya kigari akitafuna kipande cha tufaha alichopewa na kaka yake. Kigari kikaruka shimo, mtoto akacheka, kisha akanyamaza. Hakukohoa, hakulia, midomo ikaanza kugeuka rangi. Mtu aliyekwamwa kabisa hana sauti, na ndiyo sababu wengine waliendelea kuchuma. Muuguzi mwenzetu alimwinamisha kifudifudi juu ya paja lake, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne likatoa kipande kigumu kama jiwe.

Tufaha bichi ni gumu na linateleza. Mtoto wa chini ya miaka minne alipate likiwa limemenywa na kukatwa vipande vyembamba sana, au limeparuzwa, au limepikwa, naye ale akiwa ameketi pamoja na mtu mzima. Akikwamwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akikosa sauti, mpigeni mapigo matano mgongoni kati ya mabega. Kisha, kama amezidi mwaka mmoja, simameni nyuma yake na kumminya tumbo mara tano, juu ya kitovu, kwa mkunjo wa ngumi, kuelekea ndani na juu. Mtoto mchanga haminywi tumbo. Yeye hubonyezwa kifuani mara tano kwa vidole au kiganja. Endeleeni kubadilishana hivyo, na mwingine apige 911. Msiingize kidole kooni kutafuta msichokiona.

Nyigu hupenda matufaha yaliyooza na vikombe vya saida, basi tazameni ndani ya kikombe kabla ya kumpa mtoto. Mwiba wa nyigu huuma tu kwa wengi, lakini mtu akivimba uso, akibanwa kifua au akizimia, hiyo ni dharura ya kuhitaji sindano ya adrenalini.

Kupe nao wapo kwenye nyasi ndefu, hasa katika majimbo ya kaskazini-mashariki. Wale wadogo wenye miguu myeusi huleta ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Connecticut ulikotambuliwa miaka ya 1970. Mkirudi nyumbani wavueni watoto nguo, mkague nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na kwenye nywele. Kupe hutolewa kwa kibano, anashikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu bila kuzungushwa. Asipakwe mafuta ya taa wala kuchomwa kwa kiberiti, kama wengi wetu tulivyofundishwa na babu zetu. Kwa kawaida huchukua zaidi ya siku nzima akinyonya ndipo aambukize, kwa hiyo ukaguzi wa jioni ile una faida kubwa. Picha za vitabuni huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu duara hilo huweza kuonekana kama alama ya kujigonga tu, na wengi hucheleweshwa kwa sababu hiyo. Mtu aliyetembea shambani akiona doa linalotanuka siku hadi siku, pamoja na homa na maumivu ya viungo, amtajie daktari habari ya kupe bila kungoja kuulizwa.

Tumeulizwa pia kama tufaha lina nguvu kuliko matunda yetu. Tusidanganyane. Ni tunda zuri, na likiliwa na ganda lake lina nyuzinyuzi za kusaidia choo. Lakini vitamini C yake ni ndogo. Pera moja la uani kwako linalishinda mara nyingi, wala halina nauli ya ndege.

Mwisho, akina bibi wengi hurudi na mbegu katika kitambaa. Mbegu ya tufaha haitoi tunda kama la mama yake, na aina nyingi huhitaji mamia ya saa za baridi kali ndipo zichanue. Aliye Dar es Salaam au Tanga mjini asihangaike. Aliye Makete au Lushoto, ambako matufaha hupandwa, atafute mche uliounganishwa.