Picha Moja, Sekunde Tatu, na Mshahara wa Mtu

Oktoba 1984, kulipopambazuka huko Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Mohamed Amin aliweka kamera begani na kuanza kurekodi maelfu ya watu waliojikunyata kwa baridi na njaa, wengine wameshakufa. Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa ameongozana na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Picha zilirushwa hewani tarehe 23 mwezi huohuo. Mashirika ya misaada yalikuwa yametoa tahadhari za njaa ile muda mrefu, na wakubwa walizisoma wakaziweka kando. Baada ya picha, wanamuziki wa Uingereza na Ireland waliingia studio kurekodi wimbo wa kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja.

Picha ilifanyaje kazi iliyoishinda ripoti? Sehemu ya jibu iko kwenye kumbukumbu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Lionel Standing aliwaonyesha watu picha 10,000 kwa siku tano, kila moja sekunde tano tu. Walipopimwa baadaye, waliweza kuitofautisha picha waliyoiona na ile ngeni kwa kiasi cha asilimia 83. Jaribu kufanya hivyo kwa sentensi 10,000.

Sehemu nyingine ni sura ya mtu mmoja. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, akiwemo Paul Slovic, waliomba watu mchango dhidi ya njaa Afrika. Walioonyeshwa picha na habari za binti mmoja wa miaka saba kutoka Mali walitoa zaidi ya mara mbili ya waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa. Ajabu ni kwamba takwimu zilipowekwa pembeni ya picha ya binti yule, mchango ulishuka. Na huruma hiyo haidumu. Septemba 2015, mwili wa Alan Kurdi, mtoto mkimbizi kutoka Syria, ulipopigwa picha ufukweni Uturuki, idadi ya michango kwa siku kwenye mfuko wa Msalaba Mwekundu wa Sweden kwa ajili ya wakimbizi wa Syria ilipanda zaidi ya mara 100. Baada ya wiki sita hivi, ikawa imerudi ilikokuwa.

Sasa nguvu hiyohiyo ya picha tunatembea nayo mfukoni, ndani ya simu, na inatufuata mpaka kazini.

Mwaka 2005 mwanasaikolojia Steven Most na wenzake walipitisha picha haraka mbele ya watu, kumi kwa sekunde, wakawataka waitafute moja iliyolazwa ubavu: jengo au mandhari. Kazi nyepesi. Lakini ikitangulia kidogo picha ya kutisha, yenye damu au majeraha, mara nyingi zaidi waliikosa ile waliyotumwa kuitafuta. Macho yalikuwa wazi, yakiitazama skrini, na picha ilipita mbele yao. Picha ya kutisha ilikuwa imeteka umakini wote, na ilichukua sehemu ya sekunde kabla akili haijarudi kazini.

Sehemu ya sekunde si kitu, utasema. Basi mtazame karani wa mishahara, saa nne asubuhi, anajaza makato ya pensheni. Simu inatetemeka mezani. Kundi la ukoo limetumiwa picha ya basi lililopinduka, kanga imefunika kitu kando ya barabara. Anatazama sekunde tatu, anageuza simu kifudifudi, anarudi kwenye jedwali. Alikuwa mstari wa 46 au 47? Kidole kinaandika, moyo unauliza basi lilitoka wapi na nani alisafiri wiki hii. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kuwa mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo hubaki kule alikotoka. Utafiti mwingine, wa 2015, uliona kwamba hata mtetemo wa simu ambayo haikuguswa unatosha kuongeza makosa.

Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima jambo hili miaka mingi. Mwaka 2004 mfanyakazi alikaa na skrini moja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhama. Katika vipimo vyake vya baadaye, wastani ulikuwa sekunde 47. Wakubwa wa kazi hupenda kunukuu namba hizi wanapopiga marufuku simu, kisha maagizo yao wanayatuma kwa WhatsApp.

Kwangu mimi, hasara haiishii kwa mwajiri. Watu wa Standing walipewa sekunde tano kwa kila picha, bila kitu kingine cha kuangalia. Watazamaji wa Amin walikuwa wamekaa wakisubiri taarifa ya habari. Leo picha ya maiti imebanwa kati ya keki ya harusi na tangazo la mkopo, na kidole kimeshaipita. Imemkatiza karani kazi, na yeye hakupata nafasi ya kuhuzunika wala kuchangia.

Kwa hiyo wewe uliye na picha ya ajali kwenye simu, usiirushe kundini saa za kazi. Kama habari ni ya lazima, andika maneno machache: basi gani, mahali gani, nani apigiwe simu. Picha waachie wahariri, na ukiikuta gazetini jioni, itazame kwa utulivu.