Pikipiki ya safari ndefu: pima miguu kabla ya mfuko

Mfanyabiashara aliyeacha pikipiki miaka mingi, akitaka kurudi barabarani, mara nyingi huanza na kosa la bei: hununua kubwa. Injini kubwa ni sifa sokoni, lakini mwenye kuubeba uzito ni mnunuzi.

Chukua mifano miwili. BMW R 1250 GS, iliyotoka mwaka 2018, ina uzito wa karibu kilo 250, na siti yake ya kawaida iko sentimita 85 kutoka chini. Royal Enfield Himalayan ya cc 411, iliyotoka mwaka 2016, haifiki kilo 200 na siti iko sentimita 80. Sentimita hizo tano huweza kuamua kama utakanyaga kwa wayo au kwa vidole. Pikipiki nzito ikilala ubavu, hata imesimama, gharama ya kioo na mkono wa breki ni yako.

Ukinunua iliyotumika, soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani, hata kama halijalika, ni sababu ya kupunguziwa bei.

Baada ya hapo, rekebisha bila gharama. Geuza mikono ya klachi na breki ili viganja visipinde. Kaza springi ya nyuma ukibeba abiria au mzigo. Ilegeze ukiwa peke yako. Fanya mazoezi ya breki uwanjani kabla ya kufunga mizigo.

Fedha inayobaki ni ya kofia, jaketi na glovu. Mtaji mdogo unaotembea ni bora kuliko mkubwa uliolala.