Idjwi: pikipiki ya umeme, itachajiwa wapi?

Kigali, tangu 2019, mapikipiki ya umeme yanabeba abiria barabarani. Sasa motari wa huku kwetu nao wanauliza: zinaweza kufaa Idjwi? Swali ni nzuri, juu kisiwani esanse inavuka ziwa mu bidoni, na nauli ya bwato inaingia mu bei yake. Lakini mbele ya kununua, tuulize kwanza itachajiwa wapi.

Maji ya Ziwa Kivu, yale yanayoizunguka Idjwi, ndiyo yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi na kuzungusha mashini za Ruzizi I na Ruzizi II. Hii ya pili inafanya kazi tangu 1989, na umeme wake tunaugawana na Rwanda na Burundi. Ila kisiwani, watu wengi hawajaona waya ya SNEL mulangoni kwao.

Mwenye gari ya umeme mu Bukavu anaweza kuichomeka ku prizi ya nyumba. Volti 220 kwa ampea 10 inatoa 2,2 kW. Bateri ya 50 kWh itaomba karibu saa 24. Kifaa cha ukutani cha 7 kW kitaijaza mu saa 7 ao 8, lakini kinataka waya yake mnene na waya ya kushuka udongoni. Waya nyembamba inashika joto, na moto wa nyumba unaanzia hapo. Tena delestaji ikifika, yote inasimama. Mashini za haraka za 50 kW zinafupisha kazi mpaka kama saa moja, ila moja tu inavuta kama prizi zaidi ya 20 pamoja.

Kwa hiyo, kwa Idjwi, tuache gari, tuongee pikipiki. Bateri yake ya 3 kWh ni ndogo, lakini si ndogo kama tunavyofikiri: umeme wake ungejaza simu kubwa zaidi ya 100. Paneli ya jua ya 300 W, kwa siku ya jua nzuri, inaleta kama 1 kWh. Basi bateri moja kwa siku inaomba paneli 3, na siku za mvua inaomba zaidi. Hapo yule mwenye kijumba cha kuchaji simu anaelewa haraka kama paneli yake moja haitoshi.

Njia ya Kigali inaweza kusaidia: motari haingoji. Anaacha bateri tupu, anachukua iliyojaa, anaendelea na kazi. Paneli zinachaji bateri zingine mchana, wakati pikipiki iko njiani. Ni mzigo mkubwa kwa mutu mmoja. Kwa chama cha motari wanaochanga pamoja, inawezekana.

Rwanda, tangu 2021, serikali iliondoa kodi ku magari ya umeme na bateri zake. Huku kwetu, mununuzi apige hesabu yake mwenyewe. Aulize: bateri inatoka ao imefungwa? Ku milima ya Idjwi, na abiria nyuma, inafika kilometa ngapi? Ikiharibika, nani Bukavu ataitengeneza? Muuzaji asiyejibu hayo matatu, tumuache na pikipiki yake.