Serengeti Inatosha Nyumbu Wangapi?

Ukisimama kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti mwezi Februari, nyumbu wanazaa na majani mabichi yametanda hadi upeo wa macho, utadhani chakula hicho hakiishi. Hapo ndipo hesabu hupotoka. Kinachoamua idadi ya wanyama ni majani yanayobaki kiangazi, Julai hadi Oktoba.

Kazi ya hesabu hiyo huanzia chini. Mtafiti huweka fremu ya mraba ardhini, hukata majani yaliyo ndani yake, huyakausha, kisha huyapima. Akirudia sehemu nyingi na kulinganisha na mvua, hupata makadirio ya kilo zinazoota kwa kila milimita ya mvua. Upande wa pili kuna mlaji: nyumbu mmoja huhitaji takriban kilo nne za majani makavu kwa siku. Nyumbu milioni 1.3 huhitaji zaidi ya tani 5,000 kila siku, bado hujahesabu pundamilia na swala.

Lakini kugawanya tu hakutoshi. Moto huteketeza sehemu, panzi na mchwa hula yao, na majani yaliyokomaa hugeuka mabua. Mabua hujaza tumbo, ila protini yake ni haba kiasi kwamba mnyama hukonda huku anakula.

Serengeti yenyewe iliwahi kuijaribu hesabu hii. Sotoka, ugonjwa ulioingia na ng'ombe mwishoni mwa karne ya 19, iliwadidimiza nyumbu kwa miongo mingi. Ng'ombe wa jirani walipochanjwa, ugonjwa ukawaacha nyumbu pia. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa takriban milioni 1.3. Kisha wakaacha kuongezeka.

Je, ni simba waliowazuia? Watafiti Simon Mduma, Anthony Sinclair na Ray Hilborn walitafuta jibu ndani ya mifupa ya mizoga. Uboho wa mnyama aliyeshiba ni mweupe na mgumu kwa mafuta. Wa aliyekufa njaa huteleza kama mlenda. Matokeo yao ya mwaka 1999 yalionyesha kuwa vifo vingi vilitokana na lishe duni. Ukame wa 1993 ulikuwa umeshawashusha nyumbu chini ya milioni moja.

Kila mwaka kiangazi huwakuta nyumbu kaskazini, kando ya Mto Mara, unaotiririka mwaka mzima kutoka milima yenye msitu ya Mau, Kenya. Bila maji hayo, hata majani yaliyobaki hayawafai. Kwa hiyo anayetaka kuhesabu nyumbu wa Serengeti kesho, aanze kwa kuulinda msitu wa Mau leo.