Chupa Tupu za Gongoni na Pesa Kwenye Simu Yako

Gongoni, kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda Garsen, ni mji mdogo wenye soko, boda boda na viwanda vya chumvi jirani yake. Taka zake unazijua: mabaki ya soko, vifuu vya nazi, chupa za maji na mitungi ya mafuta ya kupikia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa bado tunazo. Kusi ikianza kuvuma, kilichoachwa wazi jaani hakikai hapo.

Kazi ni ya nani?

Zamani lawama zote zilikuwa za kanju. Mabaraza hayo yaliondoka 2013, na chini ya Katiba ya 2010 kuzoa taka na kusimamia majaa ni kazi ya kaunti, yaani Kilifi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza, na kaunti ziweke vituo vya kuchambulia vinavyoweza kutumika tena.

Kutenganisha huko ndiko kwenye pesa. Chupa iliyolowa maji ya samaki haina mnunuzi. Iliyo safi na kavu huuzwa kwa kilo. Na plastiki ina kazi: kule Lamu mwaka 2018 mafundi walishusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, na mapema 2019 likasafiri mpaka Zanzibar.

Unauza? Linda jasho lako

1. Kubalianeni bei, pimeni, ndipo pesa itumwe. Tuseme kilo ni shilingi 15 na una kilo 40: hiyo ni shilingi 600. Mzani ukipunja kilo 5, shilingi 75 zimeenda.
2. Usiachilie gunia kwa sababu umeona meseji. Meseji za uongo zipo. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.
3. Kama ni kikundi, pesa ziingie kwenye namba ya kikundi, zisipitie simu ya mweka hazina. Taarifa ya miamala isomwe kila mkutano, kila mtu asikie.

Unalipa ada ya taka? Soma jina

Mtu akikujia dukani na kusema anakusanya ada ya kaunti, muulize namba rasmi ya malipo, kisha uithibitishe kwenye ofisi ya kaunti. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Na PIN yako ni yako peke yako. Hakuna afisa anayeihitaji.

Ukishalipa, usifute meseji. Pesa taslimu bila risiti haina ushahidi, ila malipo ya simu yana tarehe, kiasi, jina na namba ya muamala. Lori lisipopita wiki mbili na nzi wakajaa sokoni, wenye maduka mnaweza kwenda ofisi ya wadi pamoja, kila mmoja na meseji zake za miezi yote. Hapo swali lenu ni moja tu: tumelipa, lori liko wapi?